Tangi la Kioo Lililopanda Mbinga

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa samaki hata mmoja. Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita ofisa uvuvi wa kituo chetu cha ufukweni, upande wa Kihagara, alinipa ubao mrefu na chupa ya soda yenye maji nusu. Akaniagiza nilaze chupa juu ya ubao, nitafute mahali sakafuni ambapo maji hayakimbilii upande mmoja. Nilizunguka kituo kizima mpaka adhuhuri.

"Umepata?"

"Hakuna, bwana. Nyumba nzima imelalia ziwani."

Alicheka. "Basi umeanza kazi. Tangi likikaa upande, maji yote yanaegemea kioo kimoja."

Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori, nikakoroga chokaa kwa mafundi wa misheni, nikachuma kahawa Matiri. Shule niliiacha darasa la nne. Na kila kazi niliiacha mara nilipoona imekwisha kunifundisha. Hii ya matangi ilinikalisha, kwa kuwa kila nilipodhani nimeijua, samaki walinionyesha jambo jingine.

Siku hizi vijana huniuliza tangi la samaki lilitengenezwaje wakati ule. Letu kubwa lilikuwa na fremu ya chuma, vioo vinene pande nne, na bamba la jiwe chini. Vioo vilishikizwa kwa putii, udongo laini wa chokaa na mafuta. Likiwa tupu, wanaume sita walitosha. Likijaa maji lilikuwa na uzito wa ng'ombe wawili, na hapo halikuhamishwa hata inchi. Ndani tulifuga mbuna, samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa. Jike la mbuna halitagi na kuondoka. Huyabeba mayai kinywani, mashavu yamevimba, bila kula, mpaka wanawe waweze kuogelea. Likishtuka sana huwatema au huwameza.

Miaka ya ujamaa ilipopamba moto, Bwana Samaki alihamishiwa Mbinga. Ofisi aliyopewa ilitosha meza na kiti tu, akaamua kuliweka tangi sebuleni kwake. Wakati huohuo jike moja la manjano, alilolisubiri kwa muda mrefu, lilikuwa limejaza kinywa.

"Likimeza kizazi hiki," aliniambia, "sijui kama nitaona kingine. Na kioo kikipasuka, Komba, kingine hatupati."

Tulimwaga maji yote, tukatoa mchanga na mawe. Samaki tuliwatia kwenye madebe ya maji ya ziwa, jike lile debe la peke yake, tukayafunga kwa mablanketi. Tangi tuliliweka kwenye lori juu ya magunia ya makapi ya kahawa. Vijana wengi hudhani kioo huvunjwa na kupigwa tu. Huvunjwa zaidi na kupindwa: ukinyanyua pembe moja kabla ya nyingine, fremu inajikamua kama nguo, na kioo kinalia. Kwa hiyo tangi hushikwa chini, halishikwi ukingo wa juu, na pembe zote huinuka pamoja. Lori lilipanda milima ya Tingi polepole, nami nimekaa nyuma nimelikumbatia lile debe la jike kama mgonjwa.

Ilikuwa majira ya kuchuma kahawa, na baridi ya Mbinga mnaijua. Ilibidi samaki waingie tangini kabla jua halijashuka. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amewaita majirani waje kujitolea. Wanaume walilipandisha tangi kilimani, waliotangulia wakilishusha mikononi, wa nyuma wakiliinua begani, likabaki sawa kama meza. Mlango ukawa mwembamba. Wakalitua kibarazani juu ya magogo mawili, nasi tukaingia ndani kung'oa mlango na kusawazisha jukwaa la matofali.

Tukatoka. Mama Balozi na wanawake wenzake walikuwa wamesimama na ndoo tupu, wanahema, wanatabasamu. Tangi lilikuwa limejaa karibu nusu, maji ya kijitoni, baridi kama usiku, na bamba la chini likielea hewani kati ya magogo mawili.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Samaki.

"Marahaba, baba. Tumeona wageni wako wamefungiwa kwenye madebe, nyumba yao kavu. Tukasema tuwasaidie."

"Mama, litapasuka!" nilipayuka. "Mwageni haraka!"

"Tumwage?" Mama Balozi alinigeukia. "Mwanangu, tumepanda kilima hiki na vichwa vyetu. Wewe umebeba nini leo, zaidi ya hilo debe moja?"

Wanaume wakacheka. Wawili waliinama wakitaka kulilaza tangi ubavuni limwagike. Bwana Samaki akaruka mbele yao. "Msiliguse! Hata kidole!" Kisha akamgeukia mama yule kwa upole. "Hatumwagi, mama. Tunaazima ndoo zenu tena."

Nilichukua mpira mrefu, nikautumbukiza tangini, nikavuta maji kwa mdomo mpaka yakanijaa kooni, nikaushusha kwenye ndoo ya Mama Balozi. Maji yakaanza kushuka yenyewe. Tulisikia bamba likitoa mlio mdogo, mara moja. Ndoo baada ya ndoo, tangi likakauka, na kioo kilikuwa kizima.

Likaingia ndani, likatua juu ya magunia yaliyokunjwa. Wanawake waliyapasha moto maji yaleyale kwenye masufuria, tukayachanganya na ya ziwa kidogo kidogo mpaka mkono wangu ukakosa kuona tofauti ya joto. Jike liliingia la mwisho. Mashavu yake bado yalikuwa yamevimba.

Baadaye nilifanya kazi Songea chini ya Mkuu wa Kituo aliyependa matangi makubwa lakini hakuwahi kuinama kuyatazama. Nilihamisha mengi, hakuna lililonivunjikia. Sasa nimestaafu, mgongo wangu ndio uliobaki kukumbuka uzito. Wengine huniuliza ya nini kazi ile, kubebea samaki nyumba wakati watu walikuwa wakihamia vijijini. Mimi huwasimulia asubuhi moja tu ya Mbinga, wiki chache baada ya tangi kufika.

Bwana Samaki aliwaita wanawake wale sebuleni. Jike lilifungua kinywa, vitoto vikatoka kama punje za ulezi. Mama Balozi akapiga kigelegele. Vitoto vyote vikakimbilia kinywani mwa mama yao, nacho kikafungwa.

"Amewala!"

"Amewaficha, mama. Umewatisha."

Akajiziba mdomo kwa kanga, akakaa sakafuni, akangoja. Vilipotoka tena alitazama bila kupepesa. Tangu siku hiyo, mpaka naondoka Mbinga, wanawake waliopita kibaraza kile na mizigo yao ya kahawa walishusha sauti, kama wapitao nyumba yenye mzazi.