Shangazi Scolastica na Maji ya Kusongea Ugali

"Jeni haitakanyaga shamba langu nikiwa hai!"

Hayo aliyasema shangazi yangu Scolastica mbele ya mkutano wa kijiji chetu cha Kisawasawa, kitenge kimefungwa kiunoni. Watu wakapiga makofi, utadhani jeni ni ng'ombe wanaosubiri nje wavamie mpunga.

Shangazi ni mjane. Ana ekari moja na nusu ya supa, mpunga wetu wa kunukia, na nyumba nzima inakula hapo. Mwaka jana kimyanga, ule ugonjwa wa virusi unaogeuza mpunga njano, ulimwachia magunia mawili. Msimu huu bwana shamba Telesphory akamletea mbegu inayouvumilia. Shangazi akasita wiki nzima akihofia jeni, mwishowe akanunua. Alipofungua mfuko akakuta punje nyekundu, akanipigia simu.

"Hii rangi ndiyo jeni yenyewe?"

"Shikamoo, Shangazi. Hiyo ni dawa ya kuzuia ukungu."

"Marahaba. Jeni iko wapi sasa?"

"Ndani ya kila punje. Hata supa yako imejaa jeni. Ile harufu unayoringia imetokana na jeni moja iliyoharibika yenyewe zamani, wakulima wakaipenda, wakaitunza."

"Supa yangu imeharibika? Ukome!"

Nikaanza upya. Nikamwambia wanaobadilisha jeni maabara hukata kipande kwa kiumbe kimoja wakakipachika kwenye chembe hai ya mmea mwingine, au hurekebisha sehemu ndogo palepale ilipo, halafu chembe hiyo hukuzwa mpaka iwe mche. Mbegu ya Telesphory haikupita huko. Watu walichukua chavua ya mpunga huu wakaipaka kwenye ua la mpunga ule, wakawa wanachagua watoto wake mwaka hadi mwaka.

"Wewe uliyeacha chuo katikati ndiyo unifundishe mpunga?"

Nikakata simu kabla sijatukana mtu mzima.

Jumapili nikaenda. Nikamkuta amekaa pembeni ya kitalu, anatabasamu kama ametoka kubatiza mtoto.

"Nimeiosha mara saba, mwanangu. Jeni yote imetoka, maji mekundu! Nimeyamwaga mbali na kuku."

"Umeosha kwa maji tu?"

"Ya mwisho nilitia ya moto, kumalizia."

"Moto kiasi gani, Shangazi?"

"Ya kusongea ugali."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye tope, na suruali yangu ya kanisani. Mbegu iliyopona virusi na panya wa ghalani, imechemshwa na mwenye shamba!

Siku ya kumi na nne kitalu kilikuwa bado tope tupu. Majirani wakapandikiza miche yao. Supa ya akiba ya mbegu ilishaliwa tangu Machi, na fedha ya mfuko wa pili haikuwepo. Ekari moja na nusu ikaota magugu, yakastawi vizuri sana, bila dawa wala bwana shamba.

Juzi nilimsindikiza dukani, mtaa wa Mlabani. Akachota kiganjani mchele ulioandikwa supa, akanusa.

"Umechanganywa huu," akamwambia muuzaji.

Kisha akafungua pochi. Kilo moja, shilingi elfu tatu.