Tonge la Mama Mkubwa

Siku hiyo tulikuwa wanne: mama mkubwa, yaani dada wa marehemu mama, aliyekuja kutoka Msalato na mlenda mkavu umefungwa kwenye pindo la khanga; mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ameanza kuuza mitumba sokoni; mdogo wetu wa mwisho, ambaye nilimwacha hajang'oa jino hata moja; na mimi, niliyerudi juzi yake kutoka Uarabuni kwenye kazi za ndani. Baba na mama tulikuwa tumewazika zamani. Mimi ndiye mkubwa, na niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wasiache.

Ugali wa uwele aliusonga mama mkubwa mwenyewe. Kwetu, anayerudi kutoka safari ndefu hajimegei. Mkubwa wa nyumba humega tonge la kwanza, akalichovya kwenye mlenda, akamwekea mkononi. Hapo ndipo anahesabiwa kuwa amefika. Bibi alimfanyia baba hivyo kila aliporudi kutoka kuuza ng'ombe.

Tulitandika mkeka sebuleni, pale pale Makole tulipozaliwa. Niliwanawisha wote, nikaweka sinia, nikaweka maji ya kunywa, kisha nikageuka kurudi jikoni, kwenye ukoko uliobaki sufuriani. Sikufikiria. Miguu ilijiendea.

"Dada, unakwenda wapi?" aliuliza mdogo wangu wa kiume.

"Kuleni tu. Mimi nitakula huku."

"Haya. Labda mkeka wetu una viroboto." Akamgeukia mdogo wake. "Mtoto, mpelekee uma na kisu. Dada siku hizi ni mzungu."

"Uma hatuna," alijibu yule mdogo, kwa huzuni ya kweli.

Niliwasikia nikiwa nimesimama kando ya ndoo, bakuli la ukoko kifuani, uso kuelekea mlangoni. Ndivyo nilivyokula miaka yote kule. Wenye nyumba wakila, nasimama. Wakimaliza, nakula walichobakiza, na kengele ikilia naacha. Mwanzoni nililia. Baadaye chakula kikawa hakishuki nikiketi. Wadogo zangu waliona majivuno, nami sikuwa na namna ya kuwaambia, maana kule kusimama ndiko kulikowasomesha.

Mama mkubwa aliinuka, akaja jikoni na tonge mkononi, mlenda ukimchuruzika kwenye kiganja.

"Huko ulikuwa unakula wapi, mwanangu?"

"Jikoni, mama."

"Umeketi?"

Alitazama bakuli, akatazama miguu yangu. Akavuta kigoda, akakifuta kwa khanga yake.

"Kaa."

Nilikaa. Tonge lilikuwa limekaribia kiganja changu mtu alipobisha hodi nje, na kabla sijajitambua nilikuwa nimeshasimama, bakuli chini, nafuta mikono kwenye gauni. Alikuwa jirani tu, anaomba chumvi.

Mama mkubwa hakukasirika. Alilirudisha tonge kwenye sinia, na yeye pia hakula tena. Nilipomsindikiza aliniambia, "Nitakuja baada ya mavuno. Mimi na wewe tuna tonge letu. Wewe jifunze kukaa kwanza."

Nilijifunza. Kila jioni nilikaa kwenye kile kigoda, na mdogo wetu wa mwisho akinishika gauni kwa nyuma nisiinuke.

"Mpaka umalize," alikuwa akisema. "Mama mkubwa ameniachia kazi."

Kabla ya hapo alikuwa akiniamkia kama mgeni. Ni katika kunishika gauni ndipo alipoanza kuniita dada.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Uwele ukakaukia shambani, na mama mkubwa hakuyafikia mavuno.

Msibani nilipakua, nikaosha masinia, nikabeba maji. Wanawake wa Msalato walinisifu. "Binti huyu hachoki," walisema. Mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo mdogo wake alikuwa ameshamweleza yote aliyoambiwa na mama mkubwa, alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. Nilikaa, na watu walibisha hodi mara nyingi nisiinuke.

Tonge la kwanza nililimega mwenyewe. La mama mkubwa bado nadaiwa kulipokea.