Hema la Watu Wawili

Hema lile lilitoka kwenye robota la mitumba, katikati ya makoti ya watoto. Nilikuwa nimefungua robota kibandani kwangu Tunduma nikitegemea masweta, maana Juni baridi ya kwetu haina adabu, nikavuta kitambaa cha kijani kikawa hakiishi. Mteja mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akalitaka akafunikie mahindi yake. Nikamnyima. Mimi si mtu wa kunyima mteja, na hata mwenyewe nilijishangaa.

Nilikuwa namfikiria mama. Tangu baba atutoke mwaka jana, mama alikuwa halali. Nikitoka kwenda msalani namkuta ameketi kitandani, taa inawaka, mikono mapajani, kama abiria aliyekosa gari. Akakonda hadi magauni yakamning'inia. Hospitali wakampa vidonge, vikamlevya mchana, usiku macho yako pale pale. Kanisani wakaanza kuniuliza kwa sauti za chini, na mimi maswali ya sauti za chini yananikera. Niliogopa, ndiyo ukweli. Niliogopa kwamba nitamzika na yeye.

Tatizo nililijua, au nilidhani nalijua: malori. Nyumba yetu ipo karibu na barabara kuu, malori yanapanga foleni ya kuvuka mpaka, yanaunguruma, honi, madereva wanaitana. Nani angelala hapo? Kwamba mimi nalala hapo hapo fofofo sikulifikiria. Nikawakataza wapangaji redio baada ya chakula cha jioni. Nikawa nafunga mlango wa chumba changu taratibu nisimsumbue.

"Mama, twende tukalale mlimani," nikamwambia. "Mahali pa kimya."

Akalitazama hema. "Kwani tumefukuzwa hapa?"

Kumshawishi akubali ilikuwa kazi, na kupata mahali ikawa kazi nyingine. Nikapendekeza Mbozi, kule kwenye kimondo, pana uwanja mzuri. Akasema halali jirani na jiwe lililodondoka kutoka mbinguni, je, wenzake wakilifuata? Nikataja vilima vya Isongole, unaiona Malawi ng'ambo ya mto. Akasema Malawi ameshaiona. Nikaanza kupandisha hasira, na mimi nikipandisha hasira navunja vyombo wakati wa kuviosha. Ndipo akasema, anachambua maharage, wala hakunitazama:

"Kama ni kulala chini, nipeleke kwetu."

Kwetu kwake ni Ileje, juu kabisa, mgongo wa mlima ambako Wandali wanalima mpaka mahali ambapo mbuzi angefikiria mara mbili. Nyumba aliyozaliwa ilishaanguka zamani. Aliyebaki huko ni mdogo wake, mama yangu mdogo, kwake ni chini kidogo ya pale.

Noah ya abiria ikatufikisha Itumba, bodaboda zikatupandisha mpaka zilipokataa, tukamalizia kwa miguu, mama mbele. Milima ilikuwa imepangana mmoja nyuma ya mwingine, ukungu umelala mabondeni, misonobari imesimama kimya. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Kileleni kulikuwa na upepo wa kung'oa hema, bondeni baridi inatuama, kwa hiyo nikataka tuweke katikati ya mteremko, penye nyasi. Mama hakunisikiliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja kilichoota majani, akagusa jiwe kwa kidole cha mguu. Lilikuwa figa, na mengine mawili yalikuwa bado yapo.

"Hapa jikoni," akasema. "Na hapa tulilala wasichana wote, mkeka mmoja. Weka hapa."

Nikaweka. Sikuwa nimemaliza kamba ya mwisho, mama mdogo huyo, anahema, mikono kiunoni.

"Nimewakosea nini?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nimewakosea nini? Dada yangu alale nje kama ng'ombe aliyepotea, na mimi nina nyumba ya bati na vitanda? Jumapili nitauweka wapi uso wangu?"

Nikajitia kumweleza kwamba siku hizi watu wanafanya hivi kwa kupenda, hata Wazungu wanatoka kwao kuja kulala milimani.

"Wazungu hawana ndugu hapa," akasema.

Mama akamwomba, usiku mmoja tu. Mama mdogo akageuka akaondoka bila kuaga. Nilijisikia vibaya, lakini nusu yangu ilifurahi, maana kimya kilikuwa kimebaki chetu. Kabla giza halijaingia akarudi, godoro kichwani, sufuria ya kande mkononi.

"Mgeni wangu halali peke yake," akatangaza, akaingia hemani. Hema la watu wawili, sisi watatu, na mama mdogo peke yake anatosha wawili.

Akasali sala ndefu. Alipomaliza tu, jamani! Akaanza kukoroma. Si kukoroma kwa kawaida, hema lilikuwa linatikisika. Nimekimbia malori ya Tunduma, nimekuja kulala ubavuni mwa lori lenyewe. Nikawasha tochi ya simu ili nimwamshe, tena kwa kiwiko, na mkono ulikuwa umeshanyooka. Mwanga ukampata mama.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mgongo ameuegemeza kwa mdogo wake. Nikazima tochi, nikalala pale nimebanwa kwenye kitambaa chenye umande, machozi yananiingia masikioni. Sikuthubutu kujigeuza.

Jua lilipopanda yeye bado. Mama mdogo alishawasha moto kwenye yale mafiga, chai imechemka, ndipo mama akatoka, ameona haya kama msichana.

"Umeona?" nikamwambia. "Ni kimya cha huku."

"Kimya gani? Huyu anakoroma kama baba yako." Akapokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili. "Kule nyumbani usiku ni kimya mno."

"Na malori?"

"Malori yapo nje, mwanangu."

Mwaka mzima nilikuwa nampunguzia sauti, moja baada ya nyingine, mpaka nikamwondolea hata sauti ya mtu.

Tulirudi Tunduma siku hiyo hiyo. Usiku nilibeba mto wangu nikagonga mlango wake. Taa ilikuwa inawaka, ameketi vile vile.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kulala."

"Unakoroma?"

"Sijui, mama. Sijawahi kujisikia."

Akasogea ukutani, akaniachia upande wa baba.

"Haya, lala tusikie," akasema, akazima taa.