Mahali pa Angay Lhazom

"Angay, kwa nini unapanda mlima wakati uyoga umejaa nyuma ya nyumba yako?"

Nilimuuliza hivyo Angay Lhazom, yaani Bibi Lhazom wa nyumba ya jirani, nikiwa darasa la pili, nimekaa juu ya ukuta wa mawe unaotenganisha nyumba zetu. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mfukuze yule ng'ombe anakula kabichi," akaniambia. Basi, yakaishia hapo.

Na kweli uyoga ulijaa. Magogo ya mwaloni yalikuwa yameegemezwa kivulini, yana matundu kila mahali. Aliyatoboa mwenyewe, akajaza vumbi la mbao lenye mbegu ya uyoga, akaziba kwa nta ya moto. Wakati ukifika magogo hulazwa majini kutwa kucha, kisha kila moja hugongwa kichwani kwa nyundo ya mti ili liamke. Hapa Bumthang tunasema gogo lisilogongwa litalala tu. Tangu mumewe afariki aliyabeba peke yake, na kabla gogo halijafika majini, mtu ameshaita.

"Mama, chumvi umeweka wapi?"

"Angay, njoo unishikie ndama!"

"Angay Lhazom, mtoto ana homa huku!"

Anashusha gogo, anajishika kiuno, anakwenda. Akirudi, anaitwa tena.

Ila mvua zikikolea na mlima ukifunguliwa kwa wachumaji, alikwenda kutafuta uyoga wa misonobari. Huo hakuna aliyewahi kuuotesha nyumbani. Yeye alijaribu, akabeba udongo wa mlimani kwa kikapu akaufukia chini ya msonobari wa getini, yakaota magugu matupu. Kwetu kila mchumaji ana mahali pake, na hapatajwi, hata kwa mume. Angay alishika njia ya mtoni, akazunguka nyuma ya kinu, ndipo akapanda, asije akafuatwa. Akichuma, aliurudisha udongo na majani, akaushindilia kwa kiganja, ili mwakani uote tena.

Alirudi jioni na nusu kikapu. Mama yangu alimtania, "Kutwa nzima kwa huo tu? Ulikuwa unaubembeleza utoke?"

"Wengine wana aibu," Angay akajibu.

Mwaka jana magoti yalivimba. Akawa anashuka ngazi ya nyumba kinyumenyume, kama mtoto. Mwanawe Rabgay, ambaye teksi yake ilikufa injini, akaanza kumsumbua. Niliwasikia kupitia dirisha, wanakula pilipili na jibini.

"Mama, nionyeshe mahali pako."

"Kula."

"Msimu unaisha, watoto wangu watakula nini? Au unataka kufa nayo hiyo siri?"

"Kuna watu wamekufa na siri mbaya zaidi."

"Mama, sitanii!"

Angay akaendelea kutafuna. Nilidhani anaogopa Rabgay atafukuafukua udongo kwa fimbo, kama wafanyavyo vijana. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana, "Haya. Kesho uninyooshee mkono kwenye miteremko."

Waliondoka asubuhi kwa njia iliyonyooka, mbele ya macho ya kila mtu. Walirudi kabla ya chakula cha mchana. Rabgay alikuwa na kikapu kimefurika na kucha nyeusi za udongo. "Amenirudisha nyuma mara mbili nikashindilie vizuri," akalalamika, lakini anacheka. Watoto wake walikuwa wanaruka. Angay alikaa kwenye kizingiti akavua viatu, hakumwangalia mtu.

Hajapanda tena. Msimu huu Rabgay anakwenda na mkewe. Angay yuko na magogo yake.

Juzi nimetoka shule nikamkuta anagonga gogo, polepole, anapumua kati ya pigo na pigo. Nikamsaidia kulisimamisha. Nikamuuliza lilelile swali la zamani. Safari hii hakunituma kwa ng'ombe. Mtu ndani akaita, "Mama! Mama, uko wapi?" Akaweka nyundo chini, akajishika kiuno.

"Kuchuma kulikuwa kazi ndogo tu, mjukuu wangu," akasema. "Nikimaliza, nilikuwa nakaa. Hakuna aliyejua pa kuniitia."