Maharage ya Kando ya Kijito

Laurean hakuwa mwizi. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo waliosema vingine, na hao hawajawahi kushika jembe. Kwa miaka ishirini na mbili aliosha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Thamesmead, London, akajinyima mpaka nauli ya kwenda kumzika baba yake. Alipotimiza miaka hamsini na minane akakodi eka kumi na nne huko Kent, mwendo wa saa moja kwa gari. Mtu wa Bukoba kapata shamba Uingereza! Alitembea kifua mbele mwaka mzima.

Lakini shamba dogo halilipi, na pango halimsubiri mtu. Basi akaingia mkataba na serikali: aache eka tatu kando ya kijito bila kulima, majani na maua yaote yenyewe, ndege na nyuki wapate makao, naye alipwe kila baada ya miezi mitatu. Juu ya hapo akapewa ruzuku ya kupanda ua wa miti. Alisaini huku anacheka, maana bila pesa hizo pango lisingelipika.

Kicheko hakikudumu. Kwao, kibanja, yaani shamba la nyumbani, kikiota nyasi watu huuliza mwenyewe amefariki lini. Majani ya kando ya kijito yalifika kiunoni, na Jumapili moja wanakwaya wa parokia walipokuja kutembea, mmoja akauliza, "Kaka, huku umeshindwa?" Alikuwa anatania tu. Laurean aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wiki iliyofuata akachukua jembe.

"Baba Shekinah, barua imesema tusilime," mkewe Angélique alimwambia. Huyo ni mtu wa Goma, anafanya usafi maofisini, na barua za serikali huzisoma mara mbili.

"Eka moja tu, mke wangu. Nyuki watakula maua ya maharage. Hao wa ofisini wanajua nini kuhusu nyuki?"

Asiyesikia la mkuu, jamani, na siku hizi mkuu ni barua.

Maharage yalistawi ajabu. Mengine aliwauzia akina mama wa Thamesmead, mengi akagawa kanisani. Na kwa kuwa hakuwa mwizi, kila kilo aliiandika kwenye daftari.

Daftari hilo ndilo alilompelekea Mzee Madhu mwezi Januari, zikiwa zimebaki siku tisa za kupeleka ritani ya kodi. Madhu ni Mhindi, mhasibu wa Queensbury, hukohuko London, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Kazaliwa Bukoba, na Kiswahili chake hakijachuja.

"Malipo ya serikali mbona hayamo humu?" aliuliza akipekua.

"Yale si mapato, mzee. Mapato ni jasho."

"Ohoo! Nani kakudanganya? Wakikulipa uache ardhi, hayo ni mapato ya shamba, yanaingia pamoja na mauzo yako. Ruzuku ya ua ndiyo mbali. Ile inapunguza gharama ya ua, usije ukadai gharama yote wakati nusu wamelipa wao."

Akaandika, akaandika, kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja: maharage, kando ya kijito, kilo mia tatu na kumi. Akaitazama ramani ya mkataba. Akavua miwani.

"Laurean, una vijito vingapi?"

"Kimoja."

"Umelipwa usilime hapa. Umelima hapa. Na maandishi umeniletea mwenyewe."

Laurean alilitazama daftari lake mwenyewe.

"Ritani haiulizi maharage yameota wapi," Madhu aliendelea taratibu. "Inataka jumla, na kodi yako itakuwa sawa. Lakini mkataba umeuvunja, nami nimeona. Waandikie kabla hawajaja kukagua. Ukinyamaza, tafuta mhasibu mwingine, ndugu yangu."

Angeweza kunyamaza. Wangapi wananyamaza! Pango la Machi lilikuwa linategemea malipo yale yale. Lakini usiku huo hakulala, na asubuhi akaandika barua. Angélique alikaa naye mezani, hakusema "nilikuambia", na hilo lilimuuma zaidi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, la heshima kabisa: mkataba umefutwa, malipo ya mwaka yarudishwe. Pango likakosa pa kutokea. Mwenye ardhi alimvumilia mpaka Juni, kisha akampa shamba mtu mwingine mwenye farasi. Siku ya kurudisha funguo Laurean alilia garini kama aliyefiwa, na Angélique ndiye aliyeendesha mpaka nyumbani.

Mwaka uliofuata Madhu alimpigia simu. Laurean alikuwa amerudi kulekule kwa wazee, yumo ndani ya sare, ana miaka sitini na mmoja na magoti mabovu.

"Fomu inataka tarehe biashara ilipokoma. Ukulima wako uliisha lini?"

"Andika siku niliyopanda yale maharage."

"Hapana, kaka. Siku ile ndiyo ulikuwa mkulima kweli. Nitaandika siku ya funguo."

"Haya, mzee," Laurean alijibu. Kengele ya chumba namba sita ikalia, akaweka simu mfukoni, akaenda kumgeuza kitandani mzee wa watu.