Refa Aliyevuta Pumzi

Siku za kazi alikuwa dobi, mpiga pasi wa mashati ya watu wa ofisini. Jumamosi alikuwa refa wa ligi ya mtaa, na hapo ndipo alipojiona mtu kati ya watu. Tatizo lilikuwa pumzi. Faulo ikichezwa golini, yeye bado yuko katikati ya uwanja anahema, na kinachotoka kwenye filimbi ni "fyu" ya kifaranga mwenye mafua. Wachezaji waliendelea kucheza, tena kwa heshima zote.

Mwenyekiti wa ligi, ambaye pia ni kaka wa mkewe na kocha wa timu mojawapo, akamwita pembeni.

"Shemeji, undugu tuuache nyumbani. Fainali ni mwezi ujao. Filimbi yako isiposikika mpaka nilipokaa mimi, utanikabidhi."

Dobi akaitikia vizuri tu, kisha akaenda kulia nyuma ya mashuka aliyoyaanika. Bila filimbi ile angebaki na pasi peke yake.

Aliyemwokoa ni mpwa wake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. "Mjomba, hata kupumua ni kazi ya misuli," alimwambia. "Upo mmoja mpana chini ya mapafu, na mingine katikati ya mbavu. Yako imelala fofofo." Akampa kifaa cha plastiki chenye tundu dogo na springi ndani. Unabana pua, unavuta hewa kwa mdomo kwa nguvu zote, unaiachia taratibu. Misuli ikizoea, springi inakazwa.

Dobi akavuta asubuhi, akavuta jioni. Pua aliibana kwa kibanio cha nguo. Mteja mmoja aliyefuata suti yake alisikia mtu anakata roho nyuma ya mashuka. Kuchungulia, akamwona Dobi macho yamemtoka, mkono juu, asisemeshwe kwa kuwa hajamaliza. Mteja alitoka mbio na suruali, koti akalisamehe.

"Baba, unajifunza kufa?" mkewe aliuliza.

"Najifunza kupumua."

"Na miaka yote hii ulikuwa unafanya nini?"

Siku ya fainali Dobi alikimbia sambamba na mpira, mbavu zikifanya kazi bila manung'uniko. Mechi inakaribia kwisha, mshambuliaji wa timu ya shemeji akamvuta beki jezi mpaka kola ikambakia mkononi. Jezi yenyewe Dobi aliipiga pasi asubuhi ile, kwa hiyo ilimuuma mara mbili. Akaweka filimbi mdomoni na, kwa mazoea ya mwezi mzima, akavuta. Akavuta, akavuta. Kimya. Mpira ukaingia wavuni, na shemeji akaanza kucheza ngoma isiyopigwa.

"Toa!" mkewe alipiga kelele kutoka pembeni. "Baba, hiyo ni ya kutoa!"

Akaitoa. Kipa alilala chini bila kuguswa. Mechi ya uwanja wa jirani ikasimama. Barabarani, mwendesha pikipiki alifunga breki akainua mikono juu. Dobi akaona bado pumzi imebaki, naye hakuwa mtu wa kutupa kitu, akaimalizia yote. Kisha akaonyesha kwa mkono kwamba goli limefutwa.

Shemeji alikuja mbio, povu linamtoka.

"Goli ni halali! Filimbi gani? Mimi sikusikia filimbi yoyote!"

Aliyasema hayo vidole bado viko masikioni.