Chujio la Bwawa la Samaki Wekundu

Kapya, mtunza bustani wa sitwayeni Numbi (ndivyo chama kilivyotaka mabwana waitwe), alikuwa mwoga tangu utoto, lakini woga wa asubuhi ile ulimzidi kimo. Samaki wekundu walikuwa wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wakitweta kama wazee waliokimbizwa.

Walikuwa zawadi. Mkubwa mmoja wa chama aliwatuma kwa ndege kutoka Kinshasa, na jioni hiyo alikuwa anakuja mwenyewe kuwatazama. Wiki nzima maji yalikuwa ya kijani, hata Numbi akamwambia, "Tafuta namna, Kapya. Mi nataka kuona samaki, hapana mboga ya sombe."

Mashine ya kuchuja haikupatikana dukani. Basi Kapya alitoboa pipa kuukuu chini, akapanga mawe, juu yake makaa yaliyopondwa, na juu kabisa mchanga uliooshwa. Pompi ndogo ilipandisha maji hadi kwenye pipa, nayo yakachujika na kurudi bwawani. Mawe aliyaokota kwenye mlima mweusi wa kiwanda cha shaba, yale mabaki ya tanuri ambayo watu humwaga uani kuzuia matope. Hayagharimu kitu. Jana jioni maji yaling'aa, akaenda kulala akitabasamu.

Bijou, mpishi, alikuja na sufuria mkononi.

"Ile mawe ulitoa wapi?"

"Ku mulima ya shaba."

"Ku lupango yetu, pale uani, tuliimwanga. Mpaka leo hata majani haioti pale. Na weye unanywesha samaki ile sumu."

"Nyamaza, mama. Sitwayeni atatusikia."

"Samaki ndiyo itamwambia."

Kapya alilikimbilia pipa. Akazima pompi. Maji safi yalikuwa mahali pamoja tu: benwari ya sitwayeni, beseni lake kubwa la kuogea, ambalo Bijou hulijaza jioni kwa kuwa robine, yaani bomba, hukauka asubuhi. Kapya akawahamisha samaki kwa ndoo, akinyata kolidorini. Mtunza bustani wa nyumba ya pili alichukuliwa na jipi ya askari kwa kosa dogo kuliko hili, na mkewe bado anamuulizia.

Aliporudi na ndoo ya mwisho, Numbi alikuwa amesimama kando ya benwari, taulo kiunoni.

"Kapya. Imekufa ngapi?"

"Bado hata moja, sitwayeni. Ni mawe yangu. Niliweka ya mubaya."

Numbi hakufoka. Alikaa ukingoni, akatia mkono majini, akawahesabu samaki mara mbili.

"Akikuta hata moja imekufa," alisema polepole, "atasema nilikataa zawadi yake. Unajua ile maana yake?"

Kapya alijua. Hapo ndipo baridi ilipompanda mgongoni, kwa maana siku zote alidhani Numbi ndiye mwisho wa hofu; kumbe naye alikuwa na wa kumwogopa.

"Ku mutoni iko mawe ya muzuri," alinong'ona.

"Kimbia basi. Mi nitamwanga maji ya bwawa."

Akatoka mbio. Nyuma yake sitwayeni, bado na taulo, alianza kuteka maji bwawani, akisimama kila mara kusikiliza barabara ya Luano, itokayo uwanja wa ndege ambako mgeni angeshukia.